Jembe Si Fimbo

  

Juma hili nimeazimia kuandika juu ya bustani za shule na za madrasa, na juu ya elimu ambayo mtoto huipata nje ya kuta nne za darasa. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwani mwalimu asiyekiri kosa lake hana haki ya kusahihisha la mwanafunzi.

Nyuma ya madrasa ninayosomesha, upande wa Kisauni, pana kiwanja kidogo cha mchanga, upana wake hatua kumi na mbili na urefu wake hatua ishirini. Kwa miaka mingi kiwanja kile kilikuwa na kazi moja tu, nayo ni adhabu. Mwanafunzi aliyekuja chuoni bila kuhifadhi sehemu yake alipewa jembe, akatolewa nje, akang'oe magugu juani huku wenzake wakisoma kivulini. Ndivyo nilivyofanyiwa mimi nilipokuwa mdogo, chuoni na shuleni pia, nami nikaurithi mwendo ule bila ya kuuliza.

Basi alikuwako kijana mmoja wa miaka kumi, mpole, mwenye sauti nzuri, ambaye kila nilipomwita asome alinyamaza. Nikimwambia, "Soma, mwanangu," huinamisha kichwa. Nikampa jembe. Juma la pili akanyamaza tena, nikampa jembe tena. Ikawa ni desturi. Hata wenzake wakawa wakimwona anaingia, wanamcheka na kumnyooshea kidole kule nyuma.

Alhamisi moja mama yake akanijia baada ya Swala ya Alasiri, amejitanda buibui lake, uso umejaa huzuni. Akaniambia, "Maalim, nisamehe kwa kukusumbua. Mwanangu nyumbani asoma Surat 'Abasa tangu mwanzo hadi mwisho, usiku, kwa moyo, wala hakosei hata irabu moja. Nawe waniletea habari kuwa hajui kitu. Mwanangu ana nini?"

Nikastaajabu. Siku ya pili nikamwita yule mtoto kando, peke yetu, nikamuuliza kwa upole kwa nini ananificha alichokijua. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Maalim, kunde zangu zataka maji."

Nikamwambia anionyeshe. Akanipeleka nyuma ya madrasa, hadi kwenye pembe ambapo maji ya kutawadhia hutiririka yakapotea mchangani. Pale, mahali ambapo mimi sikupata kupatazama kwa miaka mingi, palikuwa na safu mbili za kunde zilizostawi, majani mapana ya kijani, na maua yameanza kuchanua. Mtoto alikuwa akiacha kusoma makusudi ili apewe adhabu, na adhabu yenyewe ndiyo ilikuwa furaha yake.

Ndugu zangu, niliona haya. Sura aliyoihifadhi mtoto yule ndiyo ambamo Mwenyezi Mungu anamwamrisha mwanadamu akitazame chakula chake: jinsi maji yanavyomiminwa kutoka mbinguni, jinsi ardhi inavyopasuliwa, kisha zikatoka nafaka na mizabibu na mboga, mizeituni na mitende, na malisho ya wanyama. Mimi nilimtaka aisome tu. Yeye alikuwa ameisoma, kisha akaenda kutazama.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri sana juu ya jambo hili. Tunapomtuma mtoto akalime kwa sababu amekosa, tunamfundisha somo ambalo halimo katika kitabu chochote: kwamba udongo ni mahali pa wakosaji, na kwamba mwenye akili ni yule aliyeketi kivulini. Kisha mtoto huyo akikua tunamlaumu kwa kuikimbia shamba ya babu yake, na tunalia kwamba ardhi zetu za pwani zinauzwa kwa bei ya kutupa. Nani aliyemfundisha kuidharau? Ni sisi walimu, tuliolifanya jembe kuwa fimbo.

Dini yetu haikutufundisha hivyo. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametujulisha kwamba Mwislamu yeyote apandaye mti au mmea, kisha akala katika huo ndege, au mtu, au mnyama, huandikiwa sadaka. Na katika mapokezi mengine ametuelekeza kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Vilevile amepokea Bukhari kwamba hakuna Nabii aliyetumwa ila alichunga kondoo au mbuzi, na Mtume wetu mwenyewe alichunga huko Makka. Basi wale waliochaguliwa kuwafundisha wanadamu wote walipitia kwanza darasa lisilokuwa na paa.

Na somo la kwanza kabisa alilofundishwa baba yetu Adam (A.S.) lilikuwa ni majina ya vitu. Hapa pana jambo la kutushtua. Siku moja niliwakusanya watoto ishirini na watatu chini ya mnazi uliopo mlangoni, nikawauliza tunda la mnazi linaitwaje tangu linapoanza hadi linapokomaa. Wote walijua nazi na dafu, na hapo ikawa mwisho. Ikabidi tumwite bibi mmoja wa jirani, mwenye miaka inayopita sabini, akaketi mkekani na kuwahesabia kwa vidole: kidaka, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, kisha nazi, na nazi ikikauka ikawa mbata. Akawaeleza kila moja lafaa kwa kazi gani, kumbi ni lipi na kifuu ni kipi, na kwa nini koroma haitoi tui zuri. Watoto walimsikiliza kwa makini ambayo mimi kwa kweli siyapati kila siku. Jina lisilokuwa na kitu cha kuonyeshwa hufa, na likifa hufa pamoja na maarifa yaliyokuwamo ndani yake.

Baada ya kisa cha kunde nilizungumza na kamati ya wazazi, tukaafikiana kwamba kiwanja kile kisiwe tena mahali pa adhabu. Kila mwanafunzi, mwanamume kwa mwanamke, apewe tuta lake, na kila juma somo moja lisomeshwe pale nje. Wako waliopinga, na hoja zao hazikuwa za upuuzi. Nitazieleza hapa mbele. Kwanza niwasimulie tulichovuna.

Katika vitabu vya fiqhi imo milango ya zaka ya mazao. Nimeisomesha kwa miaka mingi, na wanafunzi waliijibu kwa ulimi tu: mazao yaliyonyweshwa na mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, na yaliyonyweshwa kwa taabu ya mwenyewe hutolewa nusu ya hiyo, yaani sehemu moja ya ishirini. Mboga za tuta dogo kama letu hazitolewi zaka katika madhehebu ya Imam Shafi, wala hatukukaribia nisabu. Lakini baada ya watoto kubeba ndoo za maji kwa majuma sita ya kiangazi, niliwauliza kwa nini sheria imepunguza kwa mwenye kunywesha. Binti mmoja mdogo akajibu mara moja, "Kwa sababu mikono inauma, Maalim." Sikuwa na la kuongeza.

Tukasomesha pia nyakati za Swala kwa kijiti. Tulikisimamisha kijiti mchangani na watoto wakawa wanaweka jiwe penye ncha ya kivuli kila baada ya muda. Waliona kwa macho yao kivuli kikifupika mpaka kikafikia ufupi wake wa mwisho, kisha kikaanza kurefuka: hapo ndipo jua limepinduka na Adhuhuri imeingia. Wakasubiri mpaka kivuli kikawa sawa na urefu wa kijiti, pamoja na kile kivuli cha mapinduko, wakajua kuwa Alasiri imeingia. Na kwa kuwa Makka iko karibu sawasawa kaskazini mwa Mombasa, kivuli cha mapinduko hapa petu hulala katika mstari wa Kibla. Mwezi wa Disemba huelekea Kibla chenyewe. Mwezi wa Juni hukipa mgongo. Na mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Oktoba, jua hupita juu ya utosi na kivuli hutoweka. Wakaelewa kwa nini mabaharia wetu wa zamani waliita upande wa kaskazini kwa jina la kibla. Somo hilo halikugharimu hata shilingi moja.

Wala tusidhani kwamba kusoma nje ni jambo la kigeni lililoletwa majuzi. Ibn al-Baytar, mwanachuoni Mwislamu aliyezaliwa karibu na Malaga katika Andalusia mwishoni mwa karne ya 12 na kufariki Damascus 1248, alianza elimu yake ya mimea kwa kutoka na mwalimu wake kwenda kuikusanya maporini. Baadaye alisafiri pwani ya Afrika ya Kaskazini hadi Misri na Sham, akichunguza mimea kwa jicho lake. Kitabu chake kikubwa kinaeleza dawa na vyakula vipatavyo 1,400, nacho kilitegemewa kwa karne nyingi.

Na hapa kwetu tunao mfano ambao watoto wanaweza kuufikia kwa matatu. Pale Bamburi, machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji yaliacha jangwa la mwamba mweupe, lenye joto na maji ya chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi, René Haller, alianza kujaribu kupanda miti mle. Aina nyingi zilikufa; mvinje ndio uliohimili. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakarundikana bila kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Ndipo akaona majongoo wakiyala majani yale, akaleta majongoo kwa wingi, nao wakayasaga yakawa mbolea. Leo pale pana msitu, na wanyama, na watoto wa shule wanaokwenda kutembea. Nilipowapeleka wanafunzi wangu niliwaambia wasitazame twiga peke yake; wamtafute na jongoo. Kwani Mwenyezi Mungu hakuumba kitu kwa mchezo, na yule tunayemruka njiani kwa kinyaa ndiye aliyetumiwa kuufufua mwamba.

Sasa nije kwenye hoja za waliopinga. Mzazi mmoja alisema, "Nampeleka mwanangu chuoni apate Qur'ani, kulima atajifunza kwa mjomba wake." Nilimjibu kwamba somo la bustani ni la nusu saa, mara moja kwa juma, na halikupunguza hata aya moja katika hifdhi. Zaidi ya hayo, shule za serikali zenyewe zimerudi huko. Mtaala wa Umilisi ulioanza kutumika nchini kote 2019 umeingiza kilimo katika masomo, na vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ambavyo wengi wa rika langu tulivikuta shuleni, vilifufuliwa rasmi 2021. Mtoto anayeshika udongo chuoni hatakuwa mgeni shuleni.

Mama mmoja aliuliza juu ya najisi, na swali lake lilikuwa la maana: mtoto ameshika samadi, kisha aje ashike msahafu? Jawabu ni kwamba samadi ya wanyama katika madhehebu yetu ni najisi, lakini kurutubishia ardhi kwayo kumeruhusiwa, na mmea uliomea hapo ni tohara. Wajibu wetu ni usafi. Tumeweka ndara za bustani zisizoingia ndani, kila mtoto ana shati kuukuu la kulimia, na hapana anayerudi darasani kabla ya kuosha mikono na miguu kwa sabuni. Ndara zile humkinga pia na minyoo. Nami nimeona kwamba mlango wa tohara, ambao zamani watoto waliusoma huku wakisinzia, sasa wanauuliza maswali wenyewe.

Wengine walihofia jua. Ni kweli, jua la saa saba mchana si la kumweka mtoto nje. Sisi hutoka baada ya Alasiri, au asubuhi mapema siku za Jumamosi, na maji ya kunywa yapo. Lakini tusisahau kuwa kukaa ndani nako kuna madhara yake. Utafiti uliotangazwa 2015, uliofanywa katika shule za mji wa Guangzhou nchini Uchina kwa muda wa miaka mitatu, ulionyesha kwamba watoto wadogo walioongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule walipungukiwa na ugonjwa wa macho wa kutoona mbali, kuliko wenzao ambao hawakuongezewa. Watoto wetu hutoka shule wakaingia chuoni, wakatoka chuoni wakaingia kwenye simu. Jicho lao hulitazama lini jambo lililo mbali?

Na wako waliouliza juu ya mabanati. Nilisema, na ninasema tena, binti apewe tuta lake kama kaka yake, kwa stara yake na heshima yake. Asifanywe kuwa ni wa kuteka maji tu huku wavulana wakihesabiwa mavuno.

Hatukukosa mashaka. Mbegu za mwanzo za maharagwe zilikauka zote, kwa sababu tulizinywesha kwa maji ya kisima chetu, nacho kina chumvi kama visima vingi vya pwani. Mbuzi wa jirani waliruka ua usiku mmoja wakamaliza mabamia. Tukarudi kwa yule kijana wa kunde tukamuuliza siri yake. Akasema yeye hakupata kutumia maji ya kisimani. Alitumia yale yanayotoka kwenye birika la kutawadhia, ambayo ni maji ya mfereji na ya mvua. Tukachimba mtaro mdogo, tukayaelekeza maji yote ya udhu kwenye matuta. Mafakihi wametufundisha kuwa maji yaliyotumika kwa udhu ni tohara, ingawa hayatawadhiwi tena; basi kwa nini yapotee bure? Mtume (S.A.W.) alikataza israfu ya maji hata kwa mwenye kutawadha kando ya mto unaopita. Mtoto wa miaka kumi aliitekeleza Sunna hiyo kabla yangu.

Enyi mama zetu, jambo hili halihitaji shamba. Gunia moja lililojazwa udongo na samadi iliyooza, likatobolewa matundu ubavuni, hubeba miche mingi ya sukuma wiki au mchicha katika baraza ya nyumba ya vyumba viwili. Dumu la mafuta lililokatwa hutosha mrehani au pilipili. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha kunywesha. La muhimu ni mambo matatu. Mtoto apewe mmea ulio wake kwa jina, asiwe ni mtumwa wa mmea wa mama. Mmea ukifa, asikaripiwe. Aulizwe amejifunza nini, apewe mbegu nyingine. Na kile atakachovuna, hata kama ni majani ya fungu moja, kipikwe siku hiyo hiyo, kiwekwe katikati ya sinia, na baba aambiwe ni nani aliyekileta.

Na enyi walimu wenzangu, nawaomba kwa unyenyekevu: tuliondoe jembe katika orodha ya adhabu. Tukitaka kumrudi mtoto tunazo njia nyingine. Ardhi ndiyo tuliyoumbwa kwayo na ndiyo tutakayorejeshwa ndani yake. Si vyema mtoto aijue kwanza kwa uso wa aibu.

Huenda mkapenda kujua habari za yule kijana. Sikumwomba aache kunde zake. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kama vile nilivyomwaibisha mbele yao, kisha nikamwambia asome. Akasimama, akaisoma Surat 'Abasa yote, pasi kukosea hata irabu moja, kama alivyosema mama yake. Siwezi kudai kuwa leo ndiye wa kwanza katika darasa; bado wako wanaomshinda kwa kuhifadhi. Lakini hajanyamaza tena nikimwita. Na zile kunde tulizichuma, tukazipika kwa tui, wakala watoto wote, na zilizobaki akampelekea mama yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, riziki ya halali na mikono isiyoogopa kazi, na atusamehe sisi walimu na wazazi kwa yale tuliyoyafanya kwa kutojua. Amin.